DroneZone ya FAA: dola 5 za usajili wa droni, na mitego iliyouzunguka

Marekani, mtu yeyote mwenye droni ya kujifurahisha au ndege ya mfano inayozidi uzito uliowekwa anatakiwa kujisajili kupitia DroneZone, tovuti ya mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo, FAA. Wengi huiogopa bure. Ukiwa na kadi ya benki na barua pepe inayofunguka, unamaliza kabla chai haijapoa, na bei ni dola 5 kwa miaka 3. Kwa bei na kasi hatuna neno. Lawama zetu ziko kwenye swali moja ambalo tovuti inaliuliza mapema mno, kabla mtu hajaelewa anachoulizwa, na kwenye namba moja inayodaiwa bila maelezo ya kutosha ya mahali pa kuipata. Mambo hayo mawili ndiyo yanayowarudisha watu nyuma kulipa mara ya pili, au kuruka wakidhani wamekamilisha kumbe bado.

Kabla ya kufungua tovuti, pima uzito. Droni au ndege ya mfano yenye ratili 0.55 au chini ya hapo haisajiliwi, mradi inarushwa kwa kujifurahisha tu. Ikizidi hapo na ikiwa chini ya ratili 55, yaani kama kilo 25, inasajiliwa mtandaoni. Ikifika ratili 55 inaingia kwenye utaratibu mwingine wa makaratasi ambao DroneZone haishughuliki nao. Watu husema "gramu 250" na kuishia hapo, lakini ratili 0.55 kihesabu ni gramu 249.48. Ndiyo maana watengenezaji huandika 249 kwenye boksi, hawaandiki 250. Ukinunua droni ya aina hiyo, nafasi uliyobakiwa nayo haifiki hata gramu moja.

Tena uzito unaohesabiwa ni ule wa wakati wa kupaa, pamoja na kila kilichofungwa juu yake: betri, kadi ya kumbukumbu, kinga za mapanga yanayozunguka, taa ya kumetameta, kichujio cha kamera, hata stika. Droni ndogo ya kampuni ya DJI, Mini 4 Pro, ikiwa na betri yake ya kawaida iko chini ya mstari. Ikifungwa ile betri kubwa ya Plus inafika kama gramu 290, na tangu dakika hiyo ni droni ya kusajiliwa, ingawa umbo halijabadilika na boksi bado limeandikwa 249. Mizani ya jikoni inayosoma gramu nzima nzima haitoshi kwa kazi hii. Tumia mizani ndogo ya sonara inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, na upime droni ikiwa imevaa kila kitu utakachoruka nacho.

Sasa lile swali. Ukishafungua akaunti, DroneZone inakutaka uchague mlango: Recreational Flyer, yaani mrushaji wa kujifurahisha, au Part 107, ambayo ni sehemu ya kanuni inayohusu matumizi mengine yote. Ukiangalia haraka unadhani mlango wa pili ni wa makampuni. Sivyo. Ulipwe usilipwe, FAA inaangalia kwanza kilichokupeleka angani. Kupiga picha za nyumba ili iuzwe si burudani. Kukagua paa la jirani si burudani, hata kama jirani amekupa sahani ya pilau tu. Kupiga picha za mechi ya shule kwa ajili ya tovuti ya shule si burudani, na hata kujitolea kupima ufukwe kwa niaba ya shirika lisilo la faida kunahesabiwa nje ya burudani. Kwa mantiki hiyo hiyo, kurekodi harusi ya ndugu kwa ajili ya video iliyoagizwa na kamati ni kazi ya Part 107, na anayeifanya anahitaji cheti cha rubani wa droni: umri wa miaka 16 na kuendelea, na mtihani wa maswali 60 unaofanyika kwenye kituo maalumu kwa ada ya dola 175, alama ya kufaulu ikiwa asilimia 70.

Kwa upande wa usajili, tofauti za milango hiyo miwili ni hizi. Kwenye burudani, dola 5 inamsajili mtu. Unapewa namba moja, na unaibandika kwenye ndege zako zote, ziwe mbili au ishirini. Kwenye Part 107, dola 5 inasajili droni moja, na kila droni ina namba yake. Usajili hauhamishwi kutoka mlango mmoja kwenda mwingine. Ukisajili kwa burudani halafu ukapata kazi, unalipa tena. Lakini kinyume chake kinaruhusiwa: droni iliyosajiliwa chini ya Part 107 inaweza kurushwa pia kwa kujifurahisha. Kwa hiyo mwenye droni moja tu, inayozidi uzito, ambaye anajua kuwa siku moja atafanya nayo kazi, achague Part 107 tangu mwanzo. Bei ni ile ile. Mwenye ndege kumi za mfano za kuchezea uwanjani Jumapili aende kwenye burudani, vinginevyo atalipa dola 50. Ushauri huu ulipaswa kuwa juu kabisa ya ukurasa wa kwanza wa tovuti, kwa maandishi makubwa.

Kuna mtego mwingine hapo hapo, nao huwapata waangalifu kupita kiasi. Mtu ana droni ya gramu 249, anairusha kwa burudani, anasema bora niisajili tu kwa usalama. Asifanye hivyo. Sharti la utambulisho wa mbali, yaani droni kutangaza namba yake na mahali ilipo inaporuka, ambalo kwenye fomu linaitwa Remote ID, linaihusu kila droni iliyosajiliwa au inayotakiwa kusajiliwa. Droni ndogo isiyosajiliwa na inayorushwa kwa burudani haihusiki. Ukiisajili kwa hiari, umejifunga mwenyewe. Na baadhi ya droni hizi ndogo hazitangazi utambulisho huo mpaka zifungwe betri kubwa, kwa hiyo unajikuta na sharti ambalo mashine yako, ilivyo, hailitimizi.

Hatua zenyewe ni fupi. Andika anwani ya tovuti kwa mkono, na uhakikishe inaishia na .gov. Ukipitia injini za utafutaji utakutana na matangazo ya madalali wenye tovuti zinazofanana na za serikali, bendera na tai vikiwemo, wanaokutoza mara kadhaa ya dola 5 ili wakujazie fomu ambayo ungeijaza mwenyewe. Wengine hukupa karatasi isiyo na maana yoyote. DroneZone ya FAA ndiyo mahali pekee pa kusajili, na kwa ada hii ya dola 5 hakuna mtu wa kati anayehitajika.

Fungua akaunti kwa barua pepe, thibitisha kwa kiungo watakachokutumia (kama hakionekani, angalia kwenye folda ya taka), kisha jaza jina, simu na anwani ya makazi. Anwani ya sanduku la posta peke yake haitoshi. Wanataka mahali unapoishi, na ya posta unaiongeza kama ni tofauti. Umri wa chini wa kujisajili ni miaka 13. Mtoto aliye chini ya hapo, droni yake inasajiliwa na mtu mwenye miaka 13 au zaidi, kwa kawaida mzazi. Halafu ongeza mashine: mtengenezaji, aina, na jibu la swali la Remote ID. Lipa kwa kadi. Cheti kinapatikana papo hapo. Kipakue, kihifadhi kwenye simu, na uchapishe nakala moja ya kukaa kwenye begi la droni. Kuwa nacho wakati wa kuruka ni sharti, kiwe cha karatasi au cha simu, na anayeazima droni yako anatakiwa awe na nakala ya cheti hicho pia.

Namba inayosumbua

Kwenye Remote ID ndipo wengi wanapokwama, na hapa tovuti inastahili kulaumiwa. Fomu inauliza kama droni inatangaza utambulisho wa mbali. Ukijibu ndiyo, inataka namba ya utambulisho huo. Watu huandika namba yoyote ndefu waliyoiona kwanza: ya betri, ya rimoti, au ya kwenye boksi. Rimoti ina namba yake, betri ina yake, na hakuna kati ya hizo inayotakiwa. Droni nyingi mpya zimebandikwa namba sahihi kwenye mwili, mara nyingi ndani ya chumba cha betri, lakini kwa modeli za zamani zilizopewa uwezo huu baadaye, kwa kusasisha programu ya ndani, namba ya stika na namba inayotangazwa zinaweza zisiwe moja. Njia ya uhakika ni kuwasha droni, kuiunganisha na programu ya kurushia, na kuinakili kutoka kwenye ukurasa wa taarifa za kifaa.

Namba hizi zina muundo maalumu, na ukiujua utagundua kosa kwa macho. Alama nne za mwanzo zinamtambulisha mtengenezaji. Ya tano inaeleza urefu wa sehemu iliyobaki. Kinachofuata ni namba ya mashine yenyewe, isiyozidi alama 15. Za DJI huanza na 1581, na mara nyingi hufuatiwa na F, maana yake zimebaki alama 15. Kubwa kuliko yote: muundo huu hauna herufi O wala herufi I. Kila unachokiona kama O ni sifuri, na kila kinachofanana na I ni moja. Makosa mengi ya kunakili yanakwisha hapo.

Kabla ya kununua droni, hasa iliyotumika, angalia kama modeli hiyo imo kwenye orodha ya FAA ya matamko ya watengenezaji kuwa vifaa vyao vinatimiza sharti. Orodha iko wazi kwa umma. Neno la muuzaji kwamba "ina Remote ID" halitoshi.

Kwa ndege za mfano zilizotengenezwa nyumbani, zisizo na kitu hicho, ziko njia mbili. Ya kwanza ni kifaa kidogo cha kubandika kinachotangaza utambulisho chenyewe. Kwenye mlango wa burudani, kifaa kimoja kinaweza kuhamishwa kutoka ndege hadi ndege, mradi kila ndege imeorodheshwa kwenye akaunti na namba ya kifaa imeandikwa mbele yake. Kwenye Part 107 kila droni inatakiwa kifaa chake. Ya pili ni kuruka ndani ya FRIA, maeneo yaliyotambuliwa na FAA, ambayo kwa kawaida ni viwanja vya vilabu vya ndege za mfano au vya taasisi za elimu. Humo unaruka bila kutangaza chochote, lakini wewe na ndege yako lazima muwe ndani ya mipaka, na isitoke machoni pako. Mtu binafsi hawezi kuliombea shamba lake liwe FRIA. Waombaji ni taasisi za elimu na mashirika ya warushaji yaliyotambuliwa, likiwemo Academy of Model Aeronautics la mwaka 1936, lenye makao Muncie, Indiana.

Tofauti ya kinachotangazwa inafaa kujulikana kabla ya kutoa pesa. Droni yenye Remote ID ya kiwandani hutangaza ilipo, urefu na mwendo wake, na pia mahali aliposimama mrushaji, sekunde kwa sekunde. Kifaa cha kubandika hutangaza mahali ndege ilipopaa badala ya mahali ulipo, na ukikitumia unatakiwa uione ndege muda wote. Matangazo hayo yanapita kwa Wi-Fi au Bluetooth, na mtu yeyote mwenye programu inayofaa kwenye simu anaweza kuyasoma. Jina lako na anwani havimo. Hivyo viko kwa FAA na vyombo vya dola vilivyoruhusiwa. Lakini nukta inayoonyesha umesimama wapi na rimoti mkononi imo, na warushaji wanaolalamikia jambo hili wana haki. Sharti lilianza rasmi 16 Septemba 2023, FAA ikavumilia hadi 16 Machi 2024, na tangu hapo hakuna kisingizio.

Stika

Namba ya usajili lazima iwe nje ya ndege, isomeke mtu akiikaribia. Hadi mwanzoni mwa 2019 iliruhusiwa kufichwa kwenye chumba cha betri. Kanuni ikabadilishwa kuanzia Februari mwaka huo, kwa hoja ya usalama: askari anayeiokota droni asiyoijua asilazimike kufungua kifuniko ambacho huenda kimetegwa mlipuko. Bado kuna watu wanaoiweka ndani kwa sababu walifundishwa hivyo na video za zamani.

FAA haikupanga ukubwa wa maandishi. Stika ya mashine ya lebo, kalamu ya wino usiofutika, au kuchonga, vyote vinakubalika, ilimradi namba haibanduki kwa matumizi ya kawaida. Usiibandike kwenye betri, kwenye panga, wala kwenye kifuniko kinachovuliwa, maana siku utakapobadilisha kipande hicho namba itaondoka nacho. Usizibe matundu ya hewa wala vitambuzi vya chini. Mkono unaokunjwa una nafasi nzuri, ila upande wa ndani unaosuguana na mwili wa droni hula stika ndani ya wiki chache. Mgongoni, nyuma ya kamera, ndipo mahali salama. Kwa ndege za povu, jaribu kwanza kalamu kwenye kipande kibovu. Baadhi ya wino una viyeyusho vinavyokula povu, na kwenye povu laini maandishi hutawanyika hadi 8 ikasomeka kama 0. Lebo ya plastiki yenye gundi kali ni bora, na uso ufutwe kwanza kwa spiriti ili mafuta ya vidole yatoke. Sehemu inayopata joto la mota au betri italegeza gundi, kwa hiyo kaa mbali nayo.

Ulipofikia usajili huu

Mfumo ulizinduliwa 21 Desemba 2015, siku chache kabla ya Krismasi iliyotarajiwa kumwaga droni mpya majumbani. Mwanasheria na mpenzi wa ndege za mfano aitwaye John Taylor alikwenda mahakamani. Hoja yake ilikuwa nyepesi: sheria ya 2012 ilikataza waziwazi FAA kutunga kanuni mpya kuhusu ndege za mfano. Tarehe 19 Mei 2017 mahakama ya rufaa ya Washington ilikubaliana naye, na hukumu iliandikwa na Jaji Brett Kavanaugh, ambaye baadaye aliingia Mahakama ya Juu. Kwa miezi kadhaa usajili wa burudani haukuwa wa lazima, na waliotaka dola zao 5 walirudishiwa. Tarehe 12 Desemba 2017 sharti lilirudishwa na Bunge kupitia sheria ya bajeti ya ulinzi. Mwaka 2018 kile kifungu cha 2012 kilifutwa kabisa, na warushaji wa burudani wakapewa masharti mapya yanayotumika hadi leo.

Historia hiyo inaeleza kwa nini mfumo unaonekana kama umeshonwa viraka. Umepangwa kwa ajili ya droni ya kamera iliyonunuliwa dukani ikiwa na namba zake zote, na mtu wa ndege za mbao na karatasi, ambaye amekuwa akiruka kabla droni hazijawa bidhaa ya dukani, anahangaika kujibu maswali ya mtengenezaji na modeli kwa kitu alichokichonga mezani. Jibu ni kuandika kuwa umejitengenezea, na kwenye Remote ID ujibu hapana kama unaruka ndani ya FRIA tu.

Kasoro kubwa zaidi kwetu ni kwamba DroneZone haikamilishi mambo yote anayotakiwa kuwa nayo mrushaji wa burudani, na haimwambii hivyo kwa sauti. Usajili uko hapo. Jaribio la lazima la usalama, TRUST, liko kwa watoaji wa nje walioidhinishwa. Ni la bure, linafanyika mtandaoni, na ukikosea swali unaelezwa na kurudia hadi upate, kwa hiyo hakuna anayefeli. Lakini mtoaji haweki kumbukumbu zako. Ukipoteza cheti hakuna wa kukuchapishia kingine, unarudia jaribio. Hata droni ndogo isiyosajiliwa inahitaji mrushaji wake awe na TRUST, jambo ambalo wenye droni za gramu 249 wengi hawalijui. Ruhusa ya kuruka kwenye anga linalodhibitiwa karibu na viwanja vya ndege nayo, kwa mrushaji wa burudani, kwa kawaida inaombwa kupitia programu za LAANC, mfumo wa kutoa ruhusa hizo mtandaoni, mara nyingi kwa sekunde chache tu. Hayo ni mambo matatu kwenye sehemu tatu.

Cheti cha usajili si ruhusa ya kuruka popote. Kikomo cha futi 400 kwenye anga lisilodhibitiwa kipo. Hifadhi za taifa zimefungwa kwa droni tangu 2014. Ndani ya maili 15 kutoka uwanja wa ndege wa Reagan, Washington, usiwaze. Viwanja vya michezo vyenye viti 30,000 au zaidi, wakati wa mechi za ligi kubwa, vinafungwa kwa eneo la maili 3 za baharini kuanzia saa moja kabla hadi saa moja baada ya mchezo. Na kwa asiyesajili kabisa, adhabu ya kiraia inaweza kufika dola 27,500, na ya jinai dola 250,000 pamoja na kifungo cha hadi miaka 3. Mbele ya dola 5, hesabu hiyo haihitaji kikokotoo.

Ukiwatazama Waingereza unaona jinsi ingeweza kupangwa vizuri zaidi. Kwenye mamlaka yao ya usafiri wa anga, CAA, mtihani na usajili viko mahali pamoja. Kitambulisho cha mrushaji ni bure na kinadumu miaka 5, baada ya maswali 40 ambayo lazima upate 30. Kitambulisho cha mmiliki kinalipiwa kila mwaka, zaidi kidogo ya pauni 10, kwa hiyo kwa bei Marekani inashinda kwa mbali. Hata ukubwa wa maandishi umetajwa: herufi kubwa zinazozidi milimita 3, na namba inayobandikwa ni ya mmiliki, si ya mrushaji. Ila wamebana uzito. Kuanzia 1 Januari 2026 mtihani ni wa lazima kuanzia gramu 100, na droni yenye kamera inahitaji kitambulisho cha mmiliki kuanzia uzito huo huo. Ile droni ya gramu 249 inayopita bila usajili Ohio haipiti Birmingham.

Kwa wageni wanaokwenda Marekani kutembea na droni zao, mlango uko wazi. Asiye raia wala mkazi wa kudumu anajaza DroneZone kama wengine, anafanya TRUST, na anapewa cheti ambacho FAA inakichukulia kama utambuzi wa umiliki, si usajili kamili wa chombo cha Kimarekani. Kwa kuruka kwa kujifurahisha kinatosha. Kwa kazi ya malipo hakitoshi. Panahitajika cheti cha Part 107 na kibali kutoka Wizara ya Uchukuzi ya Marekani.

Cheti hicho hakivuki bahari. Anayerudi likizo Nairobi na droni kwenye begi asitegemee karatasi ya FAA pale forodhani. KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, inataka kibali kabla droni haijaingia nchini, na droni zisizo nacho huzuiwa uwanja wa ndege. Tanzania nayo ina taratibu za mamlaka yake ya anga, TCAA, pamoja na kibali cha upande wa ulinzi. Hayo yanaanzwa wiki nyingi kabla ya safari, si ukiwa kwenye foleni ya mizigo.

Baada ya kusajili, mabaki ni madogo lakini yana tarehe. Ukihama nyumba, ukibadilisha simu, droni ikizama ziwani au ikiuzwa, una siku 14 za kurekebisha akaunti. Usajili unakwisha baada ya miaka 3 na unalipiwa tena dola 5. Taarifa huja kwa barua pepe, kwa hiyo aliyejisajili kwa anwani ya kazi aliyoiacha hatoipata. Wakati wa kuuza, iondoe droni kwenye orodha yako na ubandue stika siku hiyo hiyo. Joto la mashine ya kukaushia nywele hulainisha gundi. Namba ya burudani ni yako wewe, si ya droni. Mnunuzi akiiacha mgongoni na kuirusha mbele ya njia ya ndege, atakayetafutwa kwanza ni wewe.